Kinanda Kimesingiziwa

Kila yanapozuka mazungumzo juu ya kudidimia kwa taarab asilia, yawe ya barazani au ya majaridani, mshitakiwa huwa yuleyule: kinanda cha umeme. Yasemwa kwamba kinanda ndicho kilichoifukuza ganuni, ndicho kilichoinyamazisha nai, ndicho kilichoziua makamu na kuyaacha masikio ya vijana yasijue kutenganisha Rast na muziki wa dansi. Hukumu hiyo imekaririwa hata imevaa sura ya ukweli. Walakini hukumu isiyomsikiliza mshitakiwa ni fitina. Na wengi wanaoitoa hawajapata kukifungua kinanda cha zamani wakatazama ndani yake mna nini.

Neno lenyewe halina ugomvi na mtu. Katika Kiswahili cha kale kinanda kilikuwa ala ya nyuzi, jamaa ya gambusi. Baadaye wenye lugha waliliazima jina hilohilo kwa piano na kwa ogani, wala hakuna aliyelia kwamba lugha imechafuliwa. Lugha ilikuwa na busara ambayo wahifadhi wa leo hawana: ilitazama kazi ya ala kabla ya kuuliza pasipoti yake.

Maana pasipoti zikiulizwa, nani atabaki ukumbini? Ganuni ililetwa Unguja kutoka Misri, katika zama za Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888 na ambaye ndiye aliyempeleka Mohamed Ibrahim huko kujifunza. Fidla ni ya Ulaya. Akodiani ni ya Ulaya vilevile, nayo leo inakaa safu ya mbele katika vikundi vinavyojiita vya asilia, pasi na mtu kuinyooshea kidole. Ala zote hizo zilikuja ugenini zikafunzwa adabu ya nyumba. Uasilia wa taarab, basi, haukupata kuwa katika mahali ilipochongwa ala. Umo katika adabu iliyofunzwa.

Akodiani inastahili kutazamwa zaidi, kwani ndiyo inayoyafichua makosa ya mashitaka haya. Sauti zake hutolewa na ndimi za chuma zilizopimwa kiwandani, nusu toni kwa nusu toni, kwa mizani ya Kizungu. Kwa tabia yake haina robo toni hata moja. Wamisri hawakuitupa kwa sababu hiyo. Waliifungua, wakazikwaruza ndimi zake kwa tupa hadi zikashuka pale makamu zinapotaka, kisha wakaipa nafasi katika okestra zao. Ala haikulaumiwa, ilirekebishwa.

Sasa na ijulikane kwamba kinanda cha Farfisa, mojawapo ya vinanda vya kubebeka vilivyotapakaa duniani katika miaka ya 1960, kimezaliwa tumbo moja na akodiani. Jina hilo ni kifupisho cha maneno ya Kitaliana yenye maana ya viwanda vya akodiani vilivyoungana, kwani kampuni hiyo iliundwa na watengenezaji wa akodiani walioamua kuwa kitu kimoja mwaka 1946. Anayeipokea akodiani kwa takbiri na kuifungia Farfisa mlango amemkaribisha dada na kumfukuza mdogo wake.

Yafaa pia kutofautisha vinanda, maana washitaki huvichanganya vyote katika kapu moja. Kiko kinanda kikubwa cha Hammond, kilichoanza kuuzwa Marekani mwaka 1935, chenye magurudumu ya chuma yanayozunguka ndani. Aina yake mashuhuri, B-3, ina uzito unaozidi kilo 150, na sauti zake zimefungwa na meno ya magurudumu. Huwezi kuishusha moja ukaiacha nyingine. Kisha vikaja vinanda vyepesi vya transista, vilivyokusudiwa wanamuziki wa kusafiri. Vox Continental ilitoka Uingereza mwaka 1962, ikiwa na vibonyezo 49 ambavyo rangi zake zimegeuzwa, vile vilivyozoeleka kuwa vyeupe ni vyeusi na vyeusi ni vyeupe. Farfisa Compact ikafuata Italia mwaka 1964. Miguu yake huchomolewa, mfuniko ukafungwa, kinanda kikapakiwa garini pamoja na wapigaji. Mwishoni, baada ya miaka mingi, vikaja vinanda vya kidijitali vyenye ngoma na mapigo yaliyotiwa tayari. Hivi vitatu si kitu kimoja, na kosa la cha tatu halifai kubebeshwa cha pili.

Ndani ya hicho cha pili ndimo ulimo ushahidi. Kinanda cha namna ya Vox au Farfisa kina vizalisha sauti kumi na viwili, kimoja kwa kila sauti ya ngazi: Do na chake, Re na chake, na vivyo hivyo hadi Si, pamoja na nusu toni zilizo baina yao. Kila kimoja huzalisha sauti ya juu kabisa ya jina lake. Saketi zinazofuata hugawa mitetemo yake kwa mbili, kisha kwa mbili tena, hata zikapatikana sauti zote za chini zenye jina hilo. La ya mitetemo 440 kwa sekunde huzaa La ya 220, nayo huzaa ya 110. Kila kizalisha sauti kina koili yenye kiini kinachozungushwa kwa bisibisi. Ukiizungusha ya Mi, Mi zote za kinanda hushuka pamoja, kubwa na ndogo, na sauti nyingine kumi na moja hazitikisiki. Na kama koili haikufika inapotakiwa, fundi huongeza kapasita ndogo sambamba na ile iliyopo, sauti ikashuka zaidi.

Mwenye kuijua taarab ameshaona jambo hili linaelekea wapi. Na ishushwe Mi kwa robo toni, na Si ishushwe vivyo hivyo. Skrubu mbili tu. Kinanda kilichoitwa muuaji wa makamu sasa kinapiga Rast kuanzia Do. Kinapiga Bayati kuanzia Re, kwa kutumia Si bemoli ambayo haikuguswa. Kinapiga Sika kuanzia Mi hiyohiyo iliyoshushwa. Na Hijazi ya Re imebaki salama, kwani haizihitaji Mi na Si zilizoondoka. Inatumia bemoli zake, nazo zipo. Kinachopotea ni ngazi kuu ya Kizungu inayoanzia Do. Atakayeililia hiyo katika ukumbi wa taarab na ajitokeze.

Ni kweli kwamba ganuni ina vishikizo vidogo anavyovipindua mpigaji katikati ya wimbo, akahama makamu kwa kufumba na kufumbua, na kinanda hakiwezi hilo. Makamu za usiku huo hupangwa kabla, bisibisi ikiwa mkononi. Huo ni upungufu, lakini ni upungufu wa akodiani pia, na akodiani ilisamehewa.

Wala jambo hili si ndoto ya mtu aliyelala. Mmarekani Terry Riley alikifanyia kinanda chake cha kubebeka, Yamaha YC-45D, marekebisho ya sauti ili kiiache mizani ya kiwandani na kufuata uwiano wa asili wa mitetemo, na kwa kinanda hicho akatoa sahani yake ya Shri Camel mwaka 1980. Huko Misri, ambako taarab ya Unguja imekuwa ikitupa jicho tangu kuzaliwa kwake, Umm Kulthum aliimba mbele ya gitaa la umeme katika Enta Omri mwaka 1964, na katika miaka ya 1970 Magdi al-Husseini alipiga ogani ya umeme nyuma ya Abdel Halim Hafez. Hao ndio waliokuwa wakinukuliwa kama kipimo cha uasilia, nao hawakuuogopa waya.

Watetezi wa usasa nao wasifurahi mapema, wakadhani kesi imekwisha kwa faida yao. Watasema: kinanda cha leo kinayo robo toni, hubonyezwa kidude tu, basi cha zamani cha nini? Ni kweli, viko vinanda vya kidijitali vilivyotengenezwa kwa ajili ya soko la Mashariki, navyo vina robo toni. Lakini jibu hilo linawafunga wenyewe. Ikiwa kidude kipo na hakibonyezwi, ikiwa nyimbo kwa mamia zinatoka na Mi yake ni ileile ya kiwandani, basi mkosaji ameshajulikana, naye ana vidole kumi. Kinanda hakikukataa kujifunza. Mpigaji ndiye aliyekataa kukifunza.

Na liko jambo la pili, zito kuliko robo toni. Vox Continental haina ngoma ndani yake. Hakuna kidude cha chakacha wala cha rumba. Aliyekaa mbele yake hana budi kumwita mpiga dumbak, mpiga rika, mwenye udi na mwenye fidla, la sivyo atabaki na sauti ndefu isiyo na mwendo. Kinanda hicho ni ala ya jamaa: kinakaa safu moja na wengine, na kikiwa peke yake ni yatima. Kilichowatawanya wanamuziki wa taarab ni mpigo uliotiwa tayari, uliomwezesha mtu mmoja kulipwa ujira wa watu kumi na kuwaambia tisa wabaki nyumbani. Walioitazama harusi ya sikuhizi wanajua idadi ya viti vilivyobaki vitupu jukwaani.

Wapenzi wa ushairi ndio wangepaswa kuwa wa kwanza kulalamika, na ajabu ni kwamba wamekaa kimya. Ubeti wa wimbo wa taarab una mishororo yake na mizani yake, mara nyingi nane kwa nane, na vina viwili vinavyoushika kama kingo za mlango. Mwimbaji aliyefunzwa hupafika kwenye kina akakivuta, akakizungusha, akasubiri ukumbi upige kite, ndipo akateremka kwenye mshororo unaofuata. Wapigaji walio hai humsubiri. Sauti ya kinanda cha zamani, ambayo haififii maadamu kidole kimekaa, ni kiti anachoweza kukalia mwimbaji kwa muda autakao. Mpigo wa mashine hausubiri kina. Mtunzi anayeandika kwa ajili ya mashine hujikuta akikata maneno, akirudia kiitikio mara kumi kwa kuwa mashine bado inakwenda, akilitupa fumbo kwa sababu fumbo lahitaji pumzi. Lugha ya mafumbo inapogeuka kuwa matusi ya mdomo mtupu, watu hulaumu maadili ya watunzi. Na waulize pia nani aliyeiondoa pumzi.

Wako walio na vinanda hivyo hadi leo, na lawama haiwapiti. Kwa mmoja kimefunikwa kitambaa cha kufumwa, juu yake pamewekwa picha na vikombe. Kwa mwingine kinangojea mnunuzi wa mbali, kwani Ulaya na Marekani vinanda hivyo vimekuwa vitu vya kutafutwa, na wengine huko huvinunua vikawa pambo la sebule. Wako pia wanaosema hakuna haja ya kinanda chenyewe, sauti yake imekwisha rekodiwa katika programu ya kompyuta. Iliyorekodiwa ni sauti ya kinanda kilichopimwa kiwandani. Kinanda kilichopimwa kwa sikio la Unguja, ambacho Mi yake ilishushwa na mtu aliyelelewa na Siti binti Saad katika sahani na kaseti, hakimo katika programu hizo, wala hakitaingia ikiwa hakuna atakayekipima.

Kumiliki kinanda ni amana, na amana ina kazi. Hewa ya chumvi hula nyaya nyembamba zinazogusana chini ya kila kibonyezo, sauti ikaanza kukatika na kukwaruza; husafishwa kwa subira, moja baada ya moja. Kapasita za umeme hukauka kwa umri, ukasikika mvumo, hubadilishwa. Kazi hiyo anaiweza fundi redio yeyote wa rika la transista, naye huyo hatadumu milele, na vijana wanaofuata wanajua simu. Kisha kinanda hupigwa. Kisichopigwa hufa upesi kuliko kinachopigwa. Mpigaji ajue kwamba kibonyezo hakitambui nguvu ya kidole. Ukipiga kwa hasira au kwa upole sauti ni ileile, na hisia zote hupitia mguuni, katika pedali inayoinua na kushusha sauti. Ni elimu ya unyenyekevu, na haifundishiki kwa kutazama picha.

Haya si maombi ya kuirudisha miaka ya 1960. Ni dai kwamba kesi isikilizwe upya, na kwa vitendo. Klabu yenye kinanda cha namna hiyo ghalani na ikitoe. Vyuo vya muziki vinavyofundisha ganuni na udi na viwaite mafundi redio wakongwe wafundishe bisibisi kabla hawajaondoka. Mwenye kinanda sebuleni na aviondoe vikombe. Zishushwe Mi na Si, aitwe mpiga dumbak, asimamishwe mwimbaji mwenye ubeti wa kweli mkononi, na washitaki wakae safu ya mbele. Wakisikia Rast na wakaendelea kusema kinanda kimeiua, angalau watakuwa wamesema baada ya kusikia.