Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi

Wadau, hapa kwetu Mtopanga msanii akifa tunaposti picha, tunachanga pesa ya mazishi, halafu na kundi lake tunalizika palepale. Wenzake wakiendelea, wanaambiwa hawana heshima. Mimi nakataa.

Cheki Extra Golden, bendi ya Wakenya na Wamarekani iliyochanganya benga na roki. Otieno Jagwasi, muimbaji na mpiga gitaa wao, alifariki 2005, hata albamu ya kwanza, Ok-Oyot System, haijatoka. Ikatoka 2006. Wangeishia hapo, nani angewalaumu? Lakini walimuita Opiyo Bilongo, mkali wa benga mwenye sauti yake mwenyewe, na 2007 wakatoa Hera Ma Nono.

Hawakutafuta mtu wa kumuiga marehemu. Hiyo ndiyo heshima ninayoijua mimi. Anayeipenda albamu ya pili hurudi kuitafuta ya kwanza, na humo anamkuta Otieno bado anaimba. Kundi likivunjika, ngoma za marehemu atazipiga nani jukwaani?

Vijana wa Kisauni, mkifiwa, lieni. Arobaini ikipita, rudini studio.