Fedha ya Shule Ipimwe Mbele ya Mkulima

Kila mkulima wa pamba wa Bariadi anajua jambo moja ambalo hakulisoma darasani. Pamba yake ikipandishwa mzani, yeye husimama pale pale akautazama. Hasemi, "Karani ni mtu mwema, nitamwuliza kesho." Macho yake hayabanduki hata kilo ya mwisho iandikwe, na karatasi yake aitie mfukoni. Basi twauliza: mbona mkulima huyo huyo, siku fedha ya shule ya mwanawe inapopimwa, yuko nyumbani, wala hana habari?

Jambo hili si la kuchekesha. Sisi watu wa Usukuma tumefika hapa tulipo kwa kutazama mzani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa Jimbo la Ziwa walichoka kupunjwa na wanunuzi. Hawakuanza kwa hotuba. Walianza kwa kuweka watu wao wenyewe vituoni wasome mizani. Kutokana na mizani ile vyama vya ushirika vilikua, na mwaka 1955 vikaungana kuwa Victoria Federation, kiongozi wake akiwa ndugu Paul Bomani. Ukumbuke kwamba tangu 1954 hata 1958 Serikali ya kikoloni iliinyima TANU ruhusa ya kufungua matawi Usukumani. Lakini mkoloni hakuweza kuwanyima watu akili ya kuhesabu. Mtu aliyejifunza kuuliza "kilo ngapi?" hakuchelewa kuuliza "kodi yangu imekwenda wapi?"

Tena tukumbuke na upande wa pili. Ushirika huo huo ulipokua mkubwa, wanachama wakaacha kutazama vitabu, wakaona sasa mali ni yetu na wakubwa ni wetu. Malalamiko yakazidi nchi nzima, hata mwaka 1966 Serikali ikaunda kamati ya kuvichunguza vyama vya ushirika. Haukupita muda mrefu Federation ile ikavunjwa. Fundisho ni hili: mwizi haangalii kama mali ni ya mkoloni au ni ya wananchi. Huangalia kama kuna mtu macho. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Sasa tuseme habari ya shule. Ada ya shule za msingi iliondolewa mwaka 2001, na mwaka 2002 ukaanza mpango wa MMEM. Kila mtoto akawekewa ruzuku ya dola 10 kwa mwaka, nayo kwa fedha yetu ya siku zile ilikuwa karibu shilingi 10,000. Kwa miaka mingi fedha hiyo ilipita Halmashauri kwanza, na njiani ilichelewa na kupungua. Ulipotoka Waraka wa Elimu Namba 5 wa 2015, wa elimu bila ada, utaratibu ukabadilika: fedha ikaanza kutoka Hazina moja kwa moja mpaka akaunti ya shule. Katika zile shilingi 10,000 za mtoto wa shule ya msingi, 4,000 huzuiliwa juu kwa ajili ya vitabu, na 6,000 ndizo za kufika shuleni.

Hesabu yake ni nyepesi, hata mtoto wa darasa la nne aiweza. Shilingi 6,000 kwa mwaka ni shilingi 500 kwa mwezi kwa kila mtoto. Shule yenye watoto 800 yapasa kupata shilingi 400,000 kwa mwezi, yaani shilingi 4,800,000 kwa mwaka. Hapo zinunuliwe chaki, na chaki nzuri zatengenezwa hapa hapa Maswa. Hapo zitolewe karatasi za mitihani, mipira, misumari ya madawati, na mengine ya ofisi. Je, ni wazazi wangapi katika wilaya yetu wanaojua hesabu hii? Sisi tunaozunguka vijijini tumeuliza. Wengi hujibu, "Elimu ni bure, fedha ni za Serikali." La, ndugu! Serikali haina shamba la kuvuna fedha. Fedha hiyo imetoka katika sukari uliyonunua, katika sabuni uliyofulia, na katika pamba uliyouza.

Siku moja tulihudhuria mkutano wa wazazi katika kijiji kimoja cha wilaya hii. Mwalimu mkuu alisimama akasoma taarifa: "Fedha za ruzuku zilipokelewa na zimetumika kama ilivyopangwa." Akakaa. Mzee mmoja akanyosha mkono. Akasema, "Mwalimu, mimi nikipeleka pamba siambiwi 'pamba imepokelewa.' Naambiwa kilo ngapi. Ninyi mlipokea kilo ngapi?" Watu wakacheka. Mwalimu hakucheka. Aliinuka akaenda ofisini, akarudi na jalada, akasoma moja moja. Stakabadhi zote zilikuwamo. Hapana shilingi iliyopotea.

Lakini tazama hasara iliyokwisha kuingia. Nyuma ya mkutano ule lilisimama boma la darasa lisilo na bati, na ndani majani yameota. Wanakijiji walibeba mawe na mchanga kwa mikono yao, halafu ulipofika mchango wa bati wakagoma, kwa kuwa uvumi ulienea kwamba mwalimu amenunua pikipiki kwa fedha ya shule. Kumbe pikipiki ile ilikuwa ya mkopo wake mwenyewe, akikatwa mshahara kila mwezi! Mtu mwaminifu aliishi miaka miwili akinong'onwa kuwa mwizi, na watoto wakasoma chini ya mti, kwa sababu tu hesabu ilikaa kabatini. Hatusemi boma liliezekwa kesho yake. Lakini mchango ulipoitishwa mara ya pili, watu walikuja. Na wale wasiokuja walitoa sababu ya ukame, hawakutoa sababu ya wizi.

Kwa hiyo tusidhani kwamba kudai hesabu ni kuwasakama walimu. Daftari lililo wazi ni ngao ya mwalimu. Sisi tuliopita chuo cha ualimu twajua tulifundishwa nini. Tulifundishwa kuandaa somo, kutunga mtihani na kutunza mahudhurio. Habari ya leja na usuluhisho wa hesabu za benki hatukuipata ipasavyo. Halafu mwalimu anapewa ukuu wa shule na siku hiyo hiyo anakuwa mhasibu. Mwaka 2017 ukaletwa mfumo wa hesabu wa shule na zahanati uitwao FFARS, ili kila shule iandike mapato na matumizi yake kwa namna moja. Mfumo ni mzuri. Lakini mfumo bila mtu aliyefundishwa ni kama jembe bila mpini. Mwalimu anaacha kipindi, anapanda gari kwenda mjini benki, anarudi jioni, na darasa limekaa bure siku nzima. Hilo nalo ni matumizi, ingawa halimo katika stakabadhi.

Wapo watakaosema, "Kazi hiyo ni ya wakaguzi, tuwaachie." Wakaguzi wapo, na kazi yao ni kubwa. Mkurugenzi wa Halmashauri ndiye afisa masuuli. Chini yake yuko mkaguzi wa ndani. Juu yuko Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu, ambaye kazi yake imeandikwa katika ibara ya 143 ya Katiba, na taarifa yake husomwa na Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali za Mitaa. Lakini tazama kalenda. Mwaka wa fedha huanza Julai mosi na kwisha Juni 30. Taarifa ya ukaguzi hufika Bungeni mwezi wa Aprili wa mwaka unaofuata. Basi kosa lililofanyika Julai 2023 lilikuja kusomwa Aprili 2025. Mtoto aliyekuwa darasa la sita siku fedha ya chaki ilipopotea, siku kosa lake liliposomwa alikuwa amekwisha kumaliza la saba. Mkaguzi wa mbali huja kuhesabu mifupa. Mzazi yupo siku ng'ombe angali hai.

Tena tuelewe maana ya maneno. Halmashauri ikipata hati safi, tufurahi, lakini tujue imesema nini. Imesema kwamba vitabu vya hesabu vimeonyesha hali ya fedha sawasawa. Haikusema kwamba chaki zimefika katika kila darasa.

Kama mtu anadhani twaota ndoto, atazame jirani zetu wa Uganda. Mwaka 1996 ulifanywa uchunguzi wa ruzuku za shule za msingi za miaka ya 1991 mpaka 1995. Ikaonekana kwamba, kwa wastani, katika kila shilingi 100 zilizotoka Serikalini kwa matumizi ya shule, zilizofika shuleni zilikuwa 13 tu. Nyingine zilipotelea wilayani. Serikali ya Uganda ikaanza kutangaza katika magazeti fedha iliyotumwa kila wilaya, na shule zikatakiwa kubandika ukutani fedha zilizopokea. Kufika mwaka 2001, zilizofika zilizidi 80 katika mia. Kulikuwa na hatua nyingine pia, lakini karatasi ile ya ukutani ilifanya kazi kubwa.

Kadhalika tusitie chumvi. Daftari peke yake halimfundishi mtoto kusoma, wala fedha peke yake. Mwaka 2013 na 2014 shule 350 za Tanzania ziliingizwa katika jaribio la kupelekewa ruzuku moja kwa moja na kuwapa walimu motisha. Shule zilizopata fedha tu, watoto hawakuendelea zaidi ya wenzao. Zilizopata fedha pamoja na motisha ya walimu ndizo zilizoendelea. Basi fedha ni mafuta ya taa. Yahitaji na utambi. Lakini taa isiyo na mafuta haiwaki kabisa.

Wengine husema, "Shilingi 500 ni kidogo mno, ya nini kuihesabu?" Sisi twasema ndiyo sababu ya kuihesabu. Kiwango cha shilingi 10,000 kiliwekwa wakati kilipokuwa sawa na dola 10. Leo hakifiki hata dola 5. Kinapasa kuongezwa, na sisi tutasema hivyo bila woga. Lakini atakayekwenda Dodoma kuomba nyongeza ataulizwa kwanza: kile kidogo mlikitumiaje? Asiye na daftari atajibu nini?

Mwezi Januari 2018 Rais Magufuli alikataza walimu kuchangisha wazazi michango shuleni. Watu wengi wakafunga mikono, wakasema shule sasa ni ya Serikali peke yake. Hayo ni mawazo ya kizembe. Mchango wa hiari haukufa, wala hapana mtoto anayeruhusiwa kufukuzwa kwa sababu yake. Ila hapana mtu mwenye akili atakayetoa kwa hiari mahali asipoonyeshwa hesabu.

Kwa hiyo yatupasa kufanya haya. Kila mwanachama mwenye mtoto shuleni ahudhurie mkutano wa wazazi, aulize mambo manne: watoto waliosajiliwa ni wangapi; fedha iliyopokelewa ni kiasi gani na kwa tarehe gani; imenunua nini; na imebaki ngapi. Majibu yaandikwe ukutani mahali mzazi anapoweza kusoma, kwa Kiswahili, kwa tarakimu kubwa. Wajumbe wa kamati ya shule tunaowachagua wawe watu wanaoweza kusoma stakabadhi na kusema hapana. Tusimchague mtu kwa kuwa ana ng'ombe wengi. Madiwani wetu, wa Mji na wa Wilaya, wadai wahasibu washuke katani kila muhula wakae na walimu wakuu, wawafundishe na kuwasahihishia kabla kosa halijawa hoja ya ukaguzi. Na mwalimu atakayesoma hesabu yake mbele ya watu, tusimzomee. Tumpigie makofi.

Baba zetu hawakuogopa kuutazama mzani wa wakubwa wa siku zile. Sisi tuliozaliwa ndani ya Uhuru tutaona haya gani kuutazama mzani wetu wenyewe? Mkutano ujao wa shule yako ni lini? Ulizia leo, uende, na ukae mbele.