Ruhusa ya Kurudi

Tulipowaomba marubani wa ndege ndogo watuandikie juu ya raha ya kuruka, tulijiandaa kupokea machweo. Yakaja, tena kwa wingi: machweo ya Lamu, machweo ya Magadi, machweo ya Naivasha yenye viboko. Mengi tumeyapunguza, na waandishi watatuwia radhi. Kurasa zilizoifanya chai yetu ipoe mezani zilikuwa za watu waliopaa, wakatazama mbele, wakageuza ndege na kurudi walikotoka.

Mmoja wao ni mwalimu wa hesabu. Jumamosi moja asubuhi aliondoka Uwanja wa Ndege wa Wilson, Nairobi, kwa Cessna 172 ya kukodi, mkewe akiwa kiti cha kulia. Nia ilikuwa kuvuka Milima ya Ngong, kuteremkia Bonde la Ufa hadi Magadi, kulizunguka ziwa, kisha kurejea kabla ya chakula cha mchana. Akakuta wingu limejilaza juu ya vilele kama paka juu ya ukuta. Chini yake palikuwa na upenyo. Upande wa pili ukaonekana kidogo, ukapotea. Akageuka. Walikuwa wamekaa hewani dakika 22. Kodi ya ndege alilipa, ada ya kutua alilipa, ziwa hakuliona. Anaandika kwamba katika safari zake zote, hiyo ndiyo anayojivunia.

Namuunga mkono, ingawa mimi nimepanda ndege ndogo mara mbili tu maishani, na mara zote mbili nilikishikilia kiti kana kwamba ndicho kinachopaa.

Rubani wa shirika la ndege naye hurudi inapobidi, lakini nyuma yake kuna ratiba, na abiria wenye harusi, mikutano na misiba. Anayeruka kwa raha hangojwi na mtu. Uhuru anaoununua kwa bei ghali hivyo ni wa kubadili nia bila kumtaka mtu radhi. Ajabu ni kwamba huo ndio anaousahau kwanza. Ameshalipa. Ameshawaambia mashemeji Malindi wamchinjie kuku. Ameshapigwa picha na miwani yake ya jua, amesimama karibu na bawa. Basi wingu linapofunga anajikuta ana ratiba kali kuliko ya shirika lolote, na aliyeipanga ni yeye mwenyewe. Wahenga waliosema mpanda ngazi hushuka hawakutaja namna ya kushuka.

Waandishi wetu wanajua kwamba kurudi hakuanzii angani. Kunaanzia ardhini alfajiri, rubani anapoizunguka ndege yake kwa miguu. Anachovya kijiti ndani ya tangi kwa sababu haiamini mishale ya kuonyesha mafuta. Anakinga mafuta kidogo kutoka chini ya bawa kwenye kikombe kinachopenya mwanga, ayaone rangi yake ya samawati, na atazame kama kuna tone la maji lililotuama chini. Anachungulia kibomba cha kupimia kasi, maana nyigu wa huku hawahitaji siku nyingi kukiziba kwa udongo. Lolote kati ya hayo linaweza kuifuta safari. Anayeona taabu kuahirisha akiwa bado anakanyaga lami, sijui atapata wapi ujasiri wa kugeuka akiwa na wingu usoni.

Na Wilson si mahali pa kubishana na hewa. Uwanja uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Injini ya kawaida isiyo na turbo, hapo ilipo tu, imeshapoteza karibu moja ya sita ya nguvu iliyokuwa nayo Mombasa. Jua likipanda, hewa inazidi kuwa nyepesi: mabawa yanapata kidogo cha kushika, rafadha nayo vivyo hivyo, na ndege yenye watu wanne na mizigo yao inapanda kwa ubishi. Ndiyo maana wazoefu huondoka mapema. Ndiyo maana pia huukabili mgongo wa mlima kwa mshazari badala ya kuuendea uso kwa uso, ili upepo unaoporomoka upande wa pili ukiwavuta chini, kona ya kurudia iwe fupi. Mwalimu wetu alikuja hivyo. Njia ya kurudi alikuwa nayo mkononi kabla hajaihitaji.

Wako ambao hawakuwa nayo. Beryl Markham, aliyekulia Njoro, alivuka Atlantiki peke yake mwaka 1936 akitokea Uingereza, na baada ya saa 21 hivi akaangukia kinamasi huko Nova Scotia, Kanada. Katikati ya bahari ile, kugeuka kusingemfaa kitu. Michael Grzimek aligongana na tumbusi Serengeti mwezi Januari 1959, katika kazi ya kuhesabu wanyama na baba yake. Ndege yao yenye milia ya punda milia ilianguka, akafa. Kuna mambo ambayo hayamwachii rubani nafasi ya kuamua. Hiyo ni sababu ya kuitumia nafasi anapoachiwa.

Kisha kuna Denys Finch Hatton. Mei 1931 alipaa Voi na Gipsy Moth yake, ikaanguka palepale karibu na uwanja na kuwaka moto. Amezikwa katika Milima ya Ngong ileile, na vitabu na filamu zimemfanya ajulikane dunia nzima. Ndani ya ndege ile alikuwamo pia mtumishi wake, Mkikuyu. Naye alikufa. Usukani haukuwa mikononi mwake, na hatuna ukurasa hata mmoja alioandika kuhusu kuruka.

Nilipofika hapo ndipo nilipoona kasoro ya toleo hili. Tulikuwa tumekusanya sauti za kiti cha kushoto peke yake. Tukampigia simu mke wa mwalimu wa hesabu, tukamwomba naye aandike. Akaandika, kurasa mbili, kwa kalamu. Anasema aliliona wingu lile kabla ya mumewe, akamwambia, “Baba watoto, turudi nyumbani.” Akamwambia tena. Mara ya tatu ndipo ndege ilipogeuka. Katika makala ya mwalimu, maneno hayo hayamo.

Tumezichapa makala zote mbili zikitazamana, bila kubadilisha neno. Anzeni na ya mkewe.