Tuwafunze Misingi Kabla ya Kudai Vikombe

Kila msimu wa michezo ya shule ukaribiapo, mambo huwa ni yale yale. Wanafunzi warefu husakwa madarasani, hukabidhiwa jezi, na jioni hiyo hiyo huanza kucheza mechi kamili ya mpira wa vikapu, watano kwa watano, hadi giza liingie. Majuma machache baadaye timu hurejea ikiwa imeshindwa, na lawama zote humwangukia refa. Aghalabu refa huyo hana kosa. Alipiga kipenga kwa kuwa mchezaji alitembea na mpira, na mchezaji alitembea na mpira kwa kuwa hakuna aliyewahi kumfunza namna ya kusimama.

Mimi ni mwalimu wa isimu, si kocha. Hata hivyo, taaluma yangu hutofautisha umilisi na utendaji. Umilisi ni ujuzi uliojengeka ndani ya mtu. Utendaji ni kile tunachokiona anapoutumia ujuzi huo. Mechi ni utendaji. Anayedai utendaji kabla ya kujenga umilisi anataka kuvuna asikopanda.

Tukumbuke kwamba mchezo huu ulizaliwa mikononi mwa mwalimu. Mnamo Desemba 1891, James Naismith, aliyekuwa akifunza mazoezi ya viungo mjini Springfield, Marekani, alitundika vikapu viwili vya matunda kwenye roshani ya ukumbi na kuandika kanuni 13. Mojawapo ya kanuni hizo ilimkataza mchezaji kukimbia na mpira mikononi. Kutokana na katazo hilo ndipo pasi ikawa uti wa mgongo wa mchezo, na baadaye ukaja ufundi wa kuudundisha mpira. Basi asiyeweza kuitawala miguu yake hajauanza mchezo huu, hata awe mrefu kama mnazi.

Mwalimu mwingine, John Wooden, alianza kazi kwa kufunza Kiingereza katika shule za sekondari. Baadaye timu yake ya chuo kikuu cha UCLA ilitwaa ubingwa wa vyuo vya Marekani mara 10 kati ya 1964 na 1975. Somo lake la kwanza kwa vijana wapya lilikuwa namna ya kuvaa soksi na kufunga kamba za viatu. Soksi ikikunjamana huleta lengelenge, na mwenye lengelenge hafanyi mazoezi. Vijana waliokuwa mashujaa kwao walirudishwa nyuma hadi kwenye vidole vya miguu, wala hawakupungukiwa na kitu.

Nasi Wakenya tumeyaonja matunda ya kazi ya namna hiyo. Februari 2021, mjini Yaoundé, timu yetu ya taifa iliilaza Angola, wakati huo mabingwa wa Afrika mara 11, kwa pointi 74 kwa 73. Mtupo wa mwisho ulikuwa wa Tylor Ongwae, saa ya mchezo ikimalizika. Mwaka huo Kenya ilirejea katika fainali za Afrika baada ya miaka 28. Taifa lilishangilia mtupo mmoja; halikuiona mitupo isiyo na idadi iliyoutangulia, pasipo mtazamaji wala makofi.

Je, mwalimu mwenye mipira miwili na wanafunzi 30 afanye nini? Kwanza, aanze na yale yasiyohitaji mpira: kusimama magoti yakiwa yamekunjwa, kuteleza pembeni kama mlinzi bila kupishanisha miguu, kusimama ghafla kwa miguu miwili, na kugeuka mguu mmoja ukiwa umeganda mahali pake. Pili, kila mmoja audundishe mpira kwa mkono wa kushoto sawa na wa kulia, macho yakiwa mbele. Tatu, mitupo ianzie karibu na kikapu, na isisogezwe mbali mpaka mkono umeshika njia. Nne, mitupo huru ifanywe mwishoni, wakati miili imechoka, kwa sababu ndivyo itakavyokuwa siku ya mechi. Mtupo huru hauzuiwi na yeyote, nao hautegemei kimo. Huo ni mtihani ambao maswali yake yanajulikana tangu mwanzo wa muhula, na bado tunauanguka.

Najua patakuwepo watakaosema kwamba mazoezi ya kurudiarudia huwachosha vijana. Pingamizi hilo lina ukweli ndani yake. Mwanafunzi anayekariri ngeli zote na kushindwa kuomba maji hajajifunza Kiswahili. Ndiyo maana kila zoezi halina budi kumalizikia katika mchezo mdogo, watatu kwa watatu, kwenye kikapu kimoja. Mchezo wa namna hiyo uliingizwa katika Olimpiki za Tokyo mwaka 2021, kwa hiyo shule yenye kikapu kimoja pekee haina sababu ya kuona haya.

Linalonisikitisha zaidi si kombe tunalolikosa. Ni yule msichana mfupi wa kidato cha kwanza ambaye hakuitwa uwanjani kwa kuwa hakuonekana mrefu, na yule mvulana mrefu aliyeitwa, akazomewa, akaacha. Wote wawili tumewanyima elimu. Kimo hakifundishiki, miguu, mikono na macho hufundishika. Mtaala wetu wa sasa umejiita wa umilisi na kuipa michezo mkondo wake katika sekondari ya juu. Jina hilo litakuwa tupu ikiwa viwanja vyetu vitaendelea kuwa mahali pa kuteua waliojaliwa badala ya kuwafunza waliopo.

Mwanzo kokochi, mwisho nazi. Walimu wenzangu, kesho jioni acheni mechi. Wapangeni wanafunzi wote mstarini, warefu kwa wafupi, mkawafunze kusimama.