Mwanajeshi ana kura, hana kadi

Mwandishi wa makala kuhusu wanajeshi na siasa, umegusa penyewe, ila historia umeiruka. Baada ya maasi ya wanajeshi ya Januari 1964, jeshi la Tanganyika Rifles lilivunjwa, na Septemba mwaka huohuo likaundwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ), lililoandikisha vijana wengi kutoka Umoja wa Vijana wa chama tawala, TANU. Jeshi letu lilizaliwa na kadi ya chama mfukoni, matawi yakawa hadi kambini! Mambo yalibadilika vyama vingi viliporudi 1992. Leo Ibara ya 147 ya Katiba inamkataza mwanajeshi kujiunga na chama chochote, lakini kura yake anayo, na ampigie amtakaye. Kinachoniuma ni wastaafu wanaopanda jukwaani na kutanguliza vyeo vya jeshi. Wazee wetu, tunawaheshimu sana. Ombeni kura kama raia wenzetu.