MU LUPANGO LWETU: Rangi nyekundu bila kuangusha muti

Mwezi huu tuzungumze juu ya rangi.

Hapa Katanga, mutu akitaja muti wa rangi nyekundu, wote wanafikiri mukula. Wazee walisaga moyo wa muti ule, wakapata unga mwekundu wa kujipakaa. Lakini rangi ya mukula iko ndani kabisa, ni kusema kuipata lazima muti uanguke. Na umeanguka kweli! Tuliona malori ya magogo yakienda inje, mengi yake safari ya Chine, mpaka 2019 inchi za dunia zikapatana kwamba biashara ya mukula kati ya inchi na inchi inaomba ruhusa ya pekee. Muti wa miaka makumi unamalizika kwa saa moja ya msumeno wa motere.

Basi iko muti mwingine, mudogo, ambao rangi yake iko juu ya mbegu. Unavuna, muti unabaki. Kwa kifaransa unaitwa rukuye. Ndugu zetu wa Zanzibar wanasema mzingefuri. Ulitoka Amerika ya Kusini. Maua yake ni ya roza ao meupe, nyuki wanayapenda sana, na matunda yake yana miiba laini isiyochoma mukono. Ndani mna mbegu makumi, zenye vumbi jekundu linaloshika vidole (na mashati ya watoto, mama ajue mbele). Ukisoma E160b kwenye kopo ya margarini ao kwenye fromaje, ni rangi hii hii.

Kupanda si kazi ngumu. Loweka mbegu mpya usiku moja, uzitie ndani ya sashe zenye udongo na mbolea iliyooza, mwezi wa tisa. Mvua ikisha kushika vizuri, mwezi wa kumi na moja ao wa kumi na mbili, hamisha mimea mu lupango, pahali penye jua siku nzima. Acha metre tatu toka ukuta. Maji yasisimame pale. Kwa hiyo dembo hapana. Mbuzi wa jirani? Zungusha miiba.

Hatari kubwa kwetu ni baridi ya mwezi wa sita na wa saba. Muti huu ni wa inchi ya joto, na kule Lubumbashi na Kolwezi usiku unauma. Mwaka wa kwanza funika mumea kwa saki jioni, asubui uondoe, na uweke majani makavu chini ya shina. Mwagilia mara moja ao mbili kwa juma wakati wa jua. Ukivuka baridi mbili, umekomaa. Matunda ya kwanza yanakuja karibu mwaka wa pili ao wa tatu. Kiisha kuvuna, kata matawi marefu, kwa sababu maua yanatoka kwenye ncha za matawi mapya. Wenye kuogopa kukata wanapata muti murefu na matunda machache juu kabisa.

Vuna tunda likikauka na kuanza kupasuka. Hifadhi mbegu gizani, jua linakula rangi. Kwa kupika, pasha glasi moja ya mafuta kwenye mbabula, moto mudogo, tia vijiko viwili vya mbegu, koroga dakika chache, chuja. Moto ukizidi, mafuta yanakuwa ya kahawia na machungu. Haya hayachukui nafasi ya mafuta ya ngazi katika sombe, tusidanganyane, lakini wali na samaki vinapendeza sana. Watu wachache ngozi inawawasha, hao waache. Kwa kitambaa sipendi kuwapa matumaini: rangi ni nzuri siku ya kwanza, kiisha jua linaifuta.

Sasa neno zito. Tunakaa penye migodi. Kule Kasulo, Kolwezi, tangu 2014 watu walichimba kobalti hata chini ya nyumba zao, na uchunguzi uliotangazwa 2018 ulikuta kobalti nyingi ndani ya vumbi la kartye na ndani ya mukojo wa watoto. Kwa hiyo, kama mu lupango lwako watu waliosha ao walitwanga mawe ya madini, usipande hapo kitu cha kuliwa. Leta udongo toka mbali na mugodi, jaza ndani ya fûti lililokatwa na kutobolewa chini, lisilobeba asidi ao dawa mbele, panda humo. Maji ya kuoshea mawe usimwagilie hata siku moja, hata kama kisima kimekauka. Na mbegu usizianike chini, kwenye vumbi. Zianike juu ya meza, kivulini, na watoto wanawe mikono mbele ya kuzipukuchua.