TUFIKIRI PAMOJA: Asilimia ya Nani?

Mwezi huu tunashika maswali ya asilimia, yale ya "hitimisho lipi linafuata?" Vijana yanawasumbua darasani, na sisi wakubwa yanatusumbua nyumbani.

Swali la kwanza. Tuseme bombani wako watu 10, na asilimia 80 ni wanawake. Je, tuseme asilimia 80 ya wanawake wa bloku wako bombani? Hapana jamani! Wanawake walioko pale ni 8. Kama bloku nzima ina wanawake 200, hao 8 ni asilimia 4 tu. Wanawake ni walewale, ila kundi tunalowahesabia limebadilika. Kwa hiyo kabla ya kujibu jiulize: asilimia ya nani?

Swali la pili linaingia nyumbani kwetu. Ripoti ya UNHCR ya mwaka 2019 ilisema kwamba kwa wakimbizi duniani, walioandikishwa shule ya msingi ni asilimia 63, sekondari 24, na vyuo vya juu 3. Mzazi akisikia hivyo anasema: "Watatu tu kati ya mia! Basi binti yangu wa sekondari ana nafasi 3 kati ya 100. Bora abaki nyumbani asaidie kazi."

Je, hitimisho hilo linafuata? Halifuati. Ile 3 ni asilimia ya vijana wote wakimbizi wenye umri wa chuo. Ndani yake wamo walioishia msingi, na hata wasiowahi kukaa darasani. Hao hawakuwa na cheti cha kuombea chuo, lakini wamehesabiwa. Nafasi ya binti aliyemaliza sekondari haimo kwenye namba ile. Wala usigawanye 3 kwa 24 ukadhani umeipata, maana walioko sekondari na walioko chuo mwaka mmoja si vijana walewale.

Kinachofuata ni hiki: kati ya vijana 100 wa umri wa sekondari, 76 hawakuwa sekondari. Ukimtoa binti shule, unampeleka kwenye kundi hilo la 76, ambako mlango wa chuo umefungwa kabisa.

Tena namba hutembea. Ripoti ya 2016 ilisema asilimia 1 wako vyuoni, ya 2019 ikasema 3, na kufikia 2023 ilitajwa 7. Lengo la UNHCR ni 15 ifikapo 2030. Lakini tusijidanganye upande wa pili pia. Kutoka 1 hadi 3 ni mara tatu, ni kweli, ila 97 walikuwa bado nje. Yote mawili ni sahihi, yasemwe pamoja.

ZOEZI LA MWEZI: UNHCR ilikadiria kwamba mwishoni mwa 2024, asilimia 40 ya watu waliolazimika kukimbia makwao duniani walikuwa watoto. Lipi linafuata?
A. Asilimia 40 ya watoto wa dunia wamekimbia makwao.
B. Asilimia 60 ya waliokimbia ni watu wazima.
C. Kila kambi ina watoto asilimia 40.

Jadilianeni jioni, wazazi na watoto pamoja. Jibu na sababu zake mtayapata mwezi ujao. Kazi njema!